Oxford au Cambridge: una siku moja na ziara moja ya kuongozwa

Anayepita London akabakiwa na siku moja mkononi huuliza swali hili, aende Oxford au Cambridge, miji ya vyuo vikuu vya kale, na karibu kila anayeulizwa humjibu kwamba kote ni kuzuri. Ni kweli, lakini jibu hilo halimkatii mtu tiketi ya treni. Mimi nimeongozwa Oxford, nimeongozwa Cambridge, na katika kila mji nimewahi pia kuzunguka peke yangu na ramani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ramani ile ndiyo ilikuwa kamba yangu.

Siku hizi sichagui kwa uzuri, maana majengo ya kale ya mawe yamejaa pande zote mbili. Naangalia jambo moja: je, mwongozaji atanifungulia mlango ambao nisingeweza kuufungua mwenyewe? Kama hatafungua chochote, pesa yake ni heri niitumie kwingine.

Usitafute geti kuu

Jambo linalowachanganya wageni wengi ni kwamba hakuna mahali panapoitwa "chuo". Ukishuka kituoni ukauliza chuo kikuu kiko wapi, utaonyeshwa mji mzima. Oxford ina koleji zaidi ya 30, Cambridge ina 31, na kila koleji ina mali yake, sheria zake, kanisa lake na bawabu wake mlangoni. Moja inatoza kiingilio, jirani yake haitozi, ya tatu inafungua alasiri tu, na ya nne imetundika kibao cha "imefungwa" bila maelezo. Chuo kikuu chenyewe kinasimamia mitihani, vyeti, maabara na maktaba kuu, ila mwanafunzi analala, anakula na kufundishwa kwa karibu katika koleji yake.

Ndiyo maana ziara ya kuongozwa hapa si anasa kama ilivyo kwenye kampasi yenye uzio mmoja. Bila mtu anayejua mlango upi uko wazi saa ngapi, nusu ya siku inaishia kutazama kuta kwa nje.

Kwa umri Oxford ni mkubwa. Kulikuwa na ufundishaji hapo tangu 1096, na wanafunzi waliongezeka baada ya 1167, Mfalme Henry wa Pili alipowazuia Waingereza kwenda kusoma Paris. Cambridge ni mtoto wa ugomvi: mwaka 1209, baada ya wanafunzi kunyongwa Oxford kwa kosa la mwenzao, baadhi ya wasomi walikimbia wakaweka kambi kwenye mji mdogo kando ya mto Cam. Kwa mgeni wa siku moja, tofauti ya miaka mia haionekani kwa macho. Mpangilio wa mji ndio unaoonekana. Oxford ni mji wa kazi uliofungamana na koleji, mabasi yanapita katikati, na majengo yanakukabili ukuta kwa ukuta. Cambridge imejipanga kando ya maji, na mandhari yake bora iko nyuma ya koleji, kwenye bustani zinazoteremka mtoni.

Oxford, na mlango usiofunguka bila mwongozaji

Maktaba ya Bodleian ilifunguliwa kwa wasomaji mwaka 1602, lakini chumba chake cha kusomea cha kale zaidi, kinachoitwa kwa jina la Duke Humfrey, ni cha 1488. Huwezi kukata tiketi ukaingia humo peke yako. Unaingia na kundi dogo la ziara ya maktaba yenyewe, unapanda ngazi, na unaambiwa ushushe sauti kabla hujafika juu.

Inua kichwa kwanza. Dari la mbao limegawanywa miraba, na katika kila mraba imechorwa nembo ya chuo: kitabu kilichofunguliwa na mataji matatu. Nembo hiyo hiyo inajirudia hadi mwisho wa chumba. Chini yake kabati za vitabu zimejitokeza kutoka ukutani pande zote mbili, na kati ya kabati na kabati kuna nafasi ya kusomea, na dirisha lake. Madirisha hayo yalikuwa na kazi kubwa. Msomaji wa Bodleian huapa, pamoja na mengine, kwamba hataingiza wala kuwasha moto ndani, na maktaba ilishika kiapo hicho kikweli: hadi 1845 hapakuwa na chombo cha kupasha joto, na hadi 1929 hapakuwa na taa. Jua likizama, kusoma kumekwisha. Nilipoelezwa hayo nikiwa nimesimama pale, kwenye mwanga hafifu wa mchana wa mawingu, sikuhitaji kuambiwa zaidi kuhusu maisha ya wasomi wa zamani wakati wa baridi.

Hadithi ninayoipenda ya chumba kile ni ya mwaka 1645. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Mfalme Charles wa Kwanza alikuwa ameifanya Oxford makao yake, akatuma mtu kuazima kitabu. Mkutubi, John Rouse, alimwonyesha mfalme kanuni: vitabu havitoki. Na havikutoka. Miaka michache baadaye Cromwell, aliyemshinda mfalme huyo, naye aliomba kitabu akapewa jibu lile lile.

Ziara ya maktaba huja kwa urefu tofauti, kuanzia kama nusu saa hadi saa moja na nusu. Ile fupi hukupitisha pia Divinity School, ukumbi wa chini ambamo wanafunzi wa teolojia walihojiwa kwa mdomo mbele ya watu, wenye dari la mawe lililotiwa vifundo 455 vya kuchongwa, kila kimoja na umbo au herufi zake. Ile ndefu hukufikisha Radcliffe Camera, jengo la duara la 1749 ambalo kila mtu hulipiga picha kwa nje, kwa kuwa ndani ni chumba cha kusomea na mpita njia haruhusiwi. Hiyo ndefu haifanyiki kila siku na nafasi zake huisha mapema, kwa hiyo ikate mtandaoni kabla hujanunua tiketi ya treni. Kwa watoto kuna masharti ya umri, angalia kwanza.

Koleji maarufu zaidi kwa watalii ni Christ Church, na foleni yake ndefu inatokana na filamu za yule kijana mchawi, Harry Potter, kwani ngazi za mawe zinazopanda kwenye ukumbi wa chakula zilitumika kupiga picha. Ni pazuri, sipingi. Ila unaingia kwa tiketi yako, unafuata mishale, unatoka. Mwongozaji hakuongezei mlango hapo, na kama muda ni mfupi mimi ningepita.

Nje barabarani pia Oxford inamhitaji msimulizi, kwa sababu mambo mazito yameachwa na alama ndogo. Kwenye Broad Street kuna msalaba wa mawe uliolazwa katikati ya barabara. Baiskeli zinaupita juu. Hapo ndipo maaskofu Latimer na Ridley walipochomwa moto mwaka 1555, na Cranmer mwaka uliofuata. Kwenye njia panda ya Carfax kuna bango dogo mahali palipokuwa na baa. Mnamo tarehe 10 Februari 1355 wanafunzi wawili waligombana na mwenye baa kuhusu ubora wa mvinyo, ugomvi ukawa vita vya mji dhidi ya chuo, na watu kadhaa wa kadhaa wakauawa. Mji ulitakiwa kutubu kila mwaka kwa kosa hilo, na toba hiyo ilidumu hadi 1825. Ukipita peke yako, utaliona bango kama mabango mengine yote.

Cambridge, ambako wewe mwenyewe unatosha

Cambridge, kinyume chake, vitu vikubwa havijifichi. Kanisa la King's College linaonekana kutoka kila upande, unakata tiketi, unaingia. Jiwe la msingi liliwekwa 1446, na ujenzi ukakatizwa na vita vya kugombea ufalme, hivi kwamba dari lilimalizika 1515. Dari hilo la mawe limetandazwa kama pepeo za ukindu zilizokunjuliwa, pepeo baada ya pepeo kwa urefu wa karibu mita 88, na ndilo kubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Fundi John Wastell alilitandika kwa takribani miaka mitatu. Unasimama katikati, shingo inauma, na maelezo ya mtu yeyote yanakuwa kelele tu. Nasema wazi: kwa kanisa hili sijaona faida ya mwongozaji. Karatasi ya maelezo inatosha.

Trinity nayo unaweza kuisoma kwa nje kama una mtu wa kukuambia utazame wapi. Juu ya lango kuu amesimama Henry wa Nane, mwanzilishi wa koleji (1546), na mkononi ameshika mguu wa kiti. Fimbo yake ya kifalme iliibiwa kwa utani wa wanafunzi, na mguu wa kiti ukabaki kuwa fimbo. Kando ya lango hilo kuna mti wa tofaa usio na ajabu yoyote, kitukuu cha mti wa nyumbani kwa Newton, uliopandwa 1954. Watu hupiga picha ule mti kuliko lango.

Mtu wa sayansi, hata hivyo, asinisikilize mimi sana, aende Cambridge. Kwenye Free School Lane, kichochoro chembamba tu, ipo Cavendish ya zamani, maabara ambamo J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897. Ukutani hapo jirani amechongwa mamba, kwa sababu mwanafizikia Kapitsa alimpa mkuu wake, Rutherford, jina la utani la Mamba. Hatua chache mbele kuna baa ya The Eagle, ambako Februari 1953 Francis Crick aliingia wakati wa chakula cha mchana akatangaza kwamba yeye na Watson wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Na kwenye kona karibu na King's kuna saa ya dhahabu yenye dudu mfano wa panzi juu yake, linalotafuna sekunde. Stephen Hawking aliizindua 2008. Yote haya yamo ndani ya mwendo wa dakika kumi, na mwongozaji anayejua fizikia ataufanya mwendo huo uwe wa saa nzima.

Kitu ambacho Cambridge inacho na Oxford haikikaribii ni mgongo wa koleji ukiutazama kutoka majini. Mitumbwi yao ni bapa, haina kasia, inasukumwa kwa upondo mrefu unaozamishwa hadi tope la chini. Safari ya kusukumwa huchukua kama dakika 45 na hupita nyuma ya St John's, Trinity, Clare, King's na Queens'. Oxford nako wanapiga pondo, lakini huko mto unakutoa mjini hadi kwenye majani na miti. Kuna na mzaha wa kimila: Cambridge msukumaji husimama juu ya jukwaa la mwisho wa mtumbwi, Oxford husimama ndani upande mwingine, na kila upande huona wenzao wanaendesha kinyumenyume.

Mwenye upondo ndiye mwongozaji wa Cambridge hasa, na hapa pana tahadhari. Mkifika kwenye daraja la mbao la Queens', msikilize. Akikuambia Newton alilijenga bila msumari wala bolti, wanafunzi wakalifumua wakashindwa kulirudisha, jua unasimuliwa hekaya. Newton alifariki 1727, daraja lilijengwa 1749, na vyuma vya kulishikilia lilikuwa navyo tangu mwanzo. Hekaya ni tamu na sina neno nayo. Ila baada ya hapo kila tarehe anayotaja naipunguza nusu.

Hadithi nyingine hazina chumvi ya kuongezwa. Mshairi Lord Byron, alipokatazwa kuweka mbwa Trinity, aliweka dubu. Mwaka 1958 wanafunzi wa uhandisi walipandisha gari zima juu ya paa la Senate House, ukumbi wa sherehe wa chuo, usiku mmoja, na kuliteremsha kukawachukua wakuu siku kadhaa. Kichwa cha Oliver Cromwell kilizikwa koleji ya Sidney Sussex mwaka 1960, mahali pasipotajwa.

Mwenye beji au mwanafunzi

Katika miji yote miwili utakutana na aina mbili za waongozaji. Wapo waliosomea na kufanyiwa mtihani, wenye beji, ambao makundi yao huingizwa kwenye baadhi ya koleji. Wapo wanafunzi au waliomaliza juzi, wanaokutembeza na kusimulia maisha yao.

Nikitaka majengo na tarehe nachukua mwenye beji. Nikiwa na kijana anayefikiria kuomba nafasi ya kusoma huko, nachukua mwanafunzi bila kusita, maana hakuna mwenye beji atakayemweleza ilivyo kukaa chumbani kwa mwalimu, wawili tu au watatu, ukisoma insha uliyoimaliza alfajiri huku mwalimu akiivunja sentensi kwa sentensi. Ufundishaji huo ndio roho ya pande zote mbili, japo Oxford na Cambridge wanauita kwa majina tofauti. Muulize mwanafunzi kuhusu hilo na kuhusu upweke wa muhula wa kwanza. Hilo la majengo usimsumbue nalo, atakubahatishia.

Muulize yeyote kati yao pia kuhusu wanawake. Cambridge ilianza kuwa na koleji ya wanawake, Girton, mwaka 1869, lakini haikuwapa shahada kamili hadi 1948. Oxford ilitoa 1920. Mwongozaji anayejibu hapo hapo anaijua kazi yake.

Na kuna maswali ambayo msomaji wa Kiafrika ana haki ya kuyauliza bila kuona haya. Kwenye High Street ya Oxford, juu kabisa ya jengo la koleji ya Oriel, imesimama sanamu ya Cecil Rhodes, Mwingereza aliyeendesha ukoloni kusini mwa Afrika. Wanafunzi waliandamana iondolewe. Mwaka 2020 baraza la koleji likasema lingependa iondoke. 2021 likaamua kutoanza mchakato huo, likitaja gharama na ugumu wa taratibu. Kundi langu lilipita chini yake bila kuambiwa kitu hadi mtu mmoja alipouliza. Cambridge, mwaka huo huo wa 2021, koleji ya Jesus ilirudisha Nigeria jogoo wa shaba aliyeporwa katika ufalme wa Benin, ulio Nigeria ya leo, na jeshi la Waingereza mwaka 1897. Kwa hiyo Oxford utaona kilichobaki, Cambridge utasimuliwa kilichoondoka.

Ukiwa Oxford tenga saa moja kwa makumbusho ya Pitt Rivers, ambayo kuingia ni bure. Mlango wake uko ndani kabisa, nyuma ya makumbusho ya historia ya viumbe. Kabati zimesongamana vitu vya dunia nzima hadi kuta hazionekani. Wajumbe wa Kimasai kutoka Kenya na Tanzania wamekwenda huko kuzungumza na wahifadhi kuhusu vitu vitakatifu vya familia zao vilivyomo. Hapo huhitaji mwongozaji. Wewe ndiye unayejua.

Kalenda inaweza kukuamulia

Kabla ya yote tazama mwezi. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni koleji nyingi za Cambridge hufungia wageni milango, nzima au sehemu, kwa ajili ya mitihani. Nilijifunza hilo nikiwa nimesimama mbele ya lango la koleji moja mwezi Mei, bawabu akiniambia kwa adabu zote nirudi baada ya wiki tano. Kanisa lilikuwa wazi, mto ulikuwa wazi, lakini ziara niliyolipia ikageuka matembezi ya kando ya kuta.

Oxford nayo ina mitihani majira hayo hayo, na ukumbi wa Divinity School hufungwa siku za mahafali. Lakini wakati wa mitihani mji wenyewe hugeuka maonyesho: watahiniwa wanapita High Street wamevaa joho jeusi na tai nyeupe, na kila mmoja ana ua kifuani. Jeupe ni la mtihani wa kwanza, la rangi ya waridi ni la mitihani ya katikati, jekundu ni la mwisho. Utawajua wanaokwenda kumaliza kwa rangi ya ua kabla hujaziona nyuso zao.

Kwa usafiri hawapishani sana. Treni ya haraka ya King's Cross hufika Cambridge kwa kama dakika 50, ila kituo kiko mbali na koleji, karibu kilomita mbili. Treni ya Paddington hufika Oxford kwa takribani saa moja, na kituo kiko jirani. Mwenye kusafiri na mzee au mtoto mdogo ahesabu hizo kilomita.

Mimi, kwa siku moja na pesa ya ziara moja, naenda Oxford, nakata ziara ndefu ya maktaba, na mchana wote uliobaki natembea. Kama ni mwezi wowote kati ya Julai na Septemba, na nimefuatana na watu wasiopenda hotuba, naenda Cambridge, simwajiri mwongozaji wa kutembea, na pesa yake nampa mwenye upondo.

Jioni nayo ina lake. Cambridge, wakati wa muhula, kwaya ya King's huimba sala za jioni, kwa kawaida saa kumi na moja na nusu, na kuingia ni bure hata kama asubuhi ungelipa tiketi kuona dari lile lile. Panga foleni mapema. Oxford unatakiwa uvumilie zaidi. Kengele kubwa ya Christ Church hupigwa mara 101 kila usiku, mia kwa wanafunzi wa awali na moja kwa aliyeongezwa baadaye, na haipigwi saa tatu kamili. Hupigwa saa tatu na dakika tano, kwa sababu Oxford iko magharibi ya Greenwich na saa yake ya zamani ilichelewa dakika hizo tano, na kengele haijawahi kukubali kubadilika. Angalia tu kwamba treni yako haiondoki saa tatu na robo.